Utani wa jadi (michezo)

Utani wa jadi katika michezo ni desturi ya kutaniana, kutambiana na kukosoana waziwazi kati ya mashabiki, viongozi na wasemaji wa timu zinazoshindana. Nchini Tanzania jina hili linahusu hasa klabu mbili za soka za Kariakoo, Dar es Salaam: Young Africans (Yanga) na Simba. Magazeti na redio huziita "watani wa jadi" bila hata kutaja majina yao, na kila msikilizaji huelewa.

Desturi hii inafanana kwa nje na maneno ya kuchokozana yanayosikika katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani. Msingi wake, hata hivyo, ni mwingine. Umetokana na utani wa makabila na wa ukoo, yaani uhusiano unaompa mtu ruhusa ya kumdhihaki mwenzake, na kumlazimu mwenzake asikasirike. Kesi zinazojulikana zaidi kati ya zile zilizofika mbele ya kamati za Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) zilitokea pale maneno makali yalipomwendea mtu asiye mtani, au yalipotoka kwa mtu ambaye hakuwa mtani.

Asili

Utani ni wa zamani kuliko mpira. Babu na bibi hutaniana na wajukuu, na mashemeji hutaniana wao kwa wao. Yapo pia makabila yenye utani, kama Wazaramo na Wanyamwezi, Wachaga na Wapare, au Wahehe na Wangoni. Utani wa namna hii mara nyingi huelezwa kuwa umetokana na njia za misafara ya biashara au na vita vilivyokwisha. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya 19, na leo vita vile vimebaki katika mizaha. Wanaanthropolojia waliliona jambo hili mapema: A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya uhusiano wa utani mwaka 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas aliongoza kazi ya kukusanya habari za utani wa makabila akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mahali ambapo utani huonekana wazi zaidi ni msibani. Mtani huweza kumwigiza marehemu, kumsema kwa uchoyo wake, kuzuia jeneza mpaka alipwe, hata kuingia kaburini na kukataa kutoka. Wafiwa hucheka huku wanalia. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, anayepika na anayewatuliza wenye msiba. Ruhusa yake ya kudhihaki inakwenda pamoja na wajibu wa kusaidia, na bila wajibu huo maneno yake yangekuwa matusi tu. Jambo hili husahaulika na wengi wanaolitumia neno "utani" kama kisingizio.

Mijini palikuwa na chanzo kingine pia. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vikundi vya ngoma ya beni, hasa Marini na Arinoti, vilishindana katika miji ya pwani na bara kwa sare, vyeo na nyimbo za kuwasuta wapinzani. Vikundi vya taarabu navyo vilijengwa juu ya ushindani wa mafumbo na mipasho. Klabu za mpira zilizaliwa katika miji iliyokwisha kuzoea kugawanyika pande mbili na kurushiana maneno.

Simba na Yanga

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Simba ilitumia jina la Sunderland kwa miaka mingi, kisha ikachukua jina la sasa mwaka 1971. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yako Jangwani, mwendo mfupi kwa miguu. Ndiyo maana utani huu ni wa majirani. Nyumba moja huweza kuwa na baba wa Yanga na mama wa Simba, na watoto wamegawanyika.

Kila upande una majina ya kujisifu na majina ya kubandikwa. Simba hujiita Mnyama au Wekundu wa Msimbazi. Yanga hujiita Wananchi au Wana Jangwani. Majina ya kubandikwa hubadilika kwa vizazi. Wazee wanakumbuka "Kandambili" kwa Yanga na "Mikia" kwa Simba. Vijana wa leo husema "Utopolo" na "Makolo". Yanga waliitwa pia "Vyura", kwa sababu eneo la Jangwani hujaa maji ya mafuriko. Jina "Mbumbumbu" lina historia ya kuchekesha zaidi: aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Simba, Ismail Aden Rage, aliwaita hivyo wanachama wa klabu yake mwenyewe, na Yanga wakalidaka wasiliachie tena.

Matokeo ya mechi ndiyo akiba ya utani, na akiba hiyo haiozi. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Simba walisubiri mpaka tarehe 19 Julai 1977, waliposhinda 6-0 huku Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Tarehe 6 Mei 2012 Simba walishinda 5-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa kipa wao, Juma Kaseja, kwa mkwaju wa penalti. Kufungwa na kipa ni jambo ambalo shabiki hawezi kulijibu kwa urahisi. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga waliongoza 3-0 hadi mapumziko na mechi ikaisha 3-3, hivyo pande zote mbili zikaondoka na la kusema. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walishinda 5-1, na siku mbili baadaye Simba wakaachana na kocha wao Mbrazili, Roberto Oliveira "Robertinho".

Mabao matano yana jina lake, "kono la nyani", kwa sababu ya vidole vitano. Baada ya mechi kama hiyo shabiki wa timu iliyoshinda hahitaji kusema neno. Humwamkia mtani wake kwa kiganja kilichofunguliwa, na salamu hiyo inaweza kuendelea kwa miaka. Mashabiki pia hubeba jeneza la kuigiza lenye rangi za wapinzani, wakalia na kujigaragaza. Anayeifahamu desturi ya msibani ataona mara moja kwamba jambo hili halikubuniwa uwanjani.

Wasemaji

Tofauti kubwa na mpira wa kikapu wa Marekani ni kwamba huko anayetamba ni mchezaji mwenyewe, tena akiwa uwanjani. Kwa Tanzania wachezaji husema machache. Kazi ya kutamba imekabidhiwa kwa msemaji wa klabu, ambaye huzungumza na waandishi kabla ya mechi, huahidi mabao na kuwanyima usingizi wapinzani.

Kazi hii haikuwa ya klabu kubwa pekee. Masau Bwire wa Ruvu Shooting ya mkoani Pwani alijulikana nchi nzima kwa neno "kupapasa", alilolitumia kueleza jinsi timu yake itakavyomchezea mpinzani. Ruvu Shooting haikuwa tajiri wala bingwa, lakini kwa wiki moja kabla ya kukutana na Simba au Yanga ilisikika kama zote mbili.

Aliyeikuza kazi hii kuliko wote ni Haji Manara. Alikuwa msemaji wa Simba tangu mwaka 2015 hadi Julai 2021, na mwezi uliofuata akahamia Yanga. Baba yake, Sunday Manara, na baba yake mdogo au mkubwa wa ukoo huo, Kitwana Manara, walikuwa nyota wa Yanga. Kitwana alifunga katika zile 5-0 za mwaka 1968. Kwa hiyo kwa miaka sita Simba ilisemewa na mtoto wa nyumba ya Yanga, na alipohama aliwataja watani wapya kwa ufundi uleule aliotumia dhidi ya wale wa zamani. Baada yake Ahmed Ally kwa upande wa Simba na Ali Kamwe kwa upande wa Yanga wameendelea na kazi hiyo. Mikutano yao na waandishi hufuatiliwa karibu kama mechi yenyewe, hasa wakati wa Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe za kutambulisha vikosi kabla ya msimu.

Mipaka

Msemaji akimtania msemaji mwenzake, kwa kawaida hakuna kesi. Akimgeukia mwamuzi au kiongozi wa shirikisho, hali ni nyingine, kwa kuwa hao si watani wake na hawana nafasi ya kumjibu kwa mzaha. Mwaka 2016 Jerry Muro, aliyekuwa msemaji wa Yanga, alifungiwa na TFF mwaka mmoja. Mwaka 2017 Manara, wakati huo akiwa Simba, naye alifungiwa mwaka mmoja na kutozwa faini ya shilingi milioni 9. Mwaka 2022, akiwa Yanga, alifungiwa miaka miwili na kutozwa shilingi milioni 20. Safari hii kosa lilihusu maneno aliyomtolea Rais wa TFF, Wallace Karia, wakati wa fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha. Wapo walioona adhabu hizo ni kali kupita kiasi. Hata hivyo katika miaka yote hiyo maneno yake makali zaidi yalikuwa dhidi ya klabu pinzani, na hayo hayakumfungia.

Kesi ya Luc Eymael ni ya aina nyingine. Mbelgiji huyo alikuwa kocha wa Yanga, na Julai 2020 zilisambaa sauti zake akilalamikia maisha yake nchini na kuwafananisha mashabiki wa timu yake na nyani na mbwa. Yanga ilimfukuza baada ya sauti hizo kusikika, na TFF ikamfungia miaka miwili. Mashabiki wa Simba hawakufanya sherehe juu ya jambo hilo. Wengi walilaani pamoja na watani wao. Nyani yumo katika "kono la nyani" na kila mtu hucheka. Kutoka kinywani mwa kocha mgeni, akiwasema Waafrika, neno hilo lilikuwa ubaguzi wa rangi, na hakuna aliyelichanganya na utani.

Utani huvunjika pia pale mikono inapochukua nafasi ya maneno. Mechi ya watani iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 haikuchezwa, baada ya Simba kusema kwamba walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi iliiahirisha, Yanga wakapinga, na mabishano yakachukua miezi. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa.

Kulinganisha na mpira wa kikapu

Katika ligi ya NBA, maneno ya kuchokoza huonwa kuwa silaha ya kumtoa mpinzani mchezoni. Larry Bird husimuliwa kuwa mwaka 1986, kabla ya shindano la kutupa mipira ya pointi tatu, aliingia chumba cha wachezaji akauliza nani atakuwa wa pili, kisha akashinda. Huko mwamuzi ndiye anayeweka mpaka. Akiona maneno au ishara imezidi, hutoa kosa la kiufundi na timu pinzani hupata mtupo huru.

Mfano wa karibu na Afrika Mashariki ni Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2024. Kila alipozuia mpira alimpungia mpinzani kidole kimoja kushoto na kulia, kama mzazi anayemkanya mtoto. Baadaye NBA iliamua kwamba ishara hiyo ikielekezwa usoni kwa mpinzani ni kosa. Mutombo akageuka na kuwapungia watazamaji badala yake, na wao wakafurahi zaidi.

Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alikutana na upande mwingine wa maneno hayo. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mwezi Februari 2010 alishushwa kwa muda hadi ligi ya chini, kwa timu ya Dakota Wizards. Wachambuzi wa Marekani wamemtaja mara nyingi kama mfano wa chaguo lililokosewa. Maneno hayo ni ukosoaji mtupu. Aliyeyasema hakuwa na deni lolote kwa Thabeet. Ni haki kukumbuka pia kwamba hakujichagua mwenyewe kuwa wa pili.

Mikoani: mfano wa Ufipa

Nje ya Dar es Salaam utani huu huishi kwenye vibanda umiza, vijiwe vya bodaboda na masoko. Katika vijiji vya Ufipa kama Mpui, kando ya barabara ya Sumbawanga hadi Tunduma, wengi wa mashabiki hawajawahi kukanyaga Kariakoo, lakini bendera za klabu hupepea juu ya maduka na bodaboda. Aliyefungwa hununua soda, au hupita njia nyingine kwenda shambani kwa siku mbili tatu. Inapotokea msiba, matawi yote mawili huchangia.

Ufipa wenyewe una mzigo wake wa mizaha. Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na watu wa mikoa mingine hawaachi kuuliza habari za radi. Mfipa akiulizwa na mtani hucheka. Akiulizwa na mwajiri ni jambo jingine kabisa.

Katika msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya ilitumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga kwa mechi za nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 2020 Simba, wakiwa mabingwa watetezi, walifungwa hapo 1-0, bao la Samson Mbangula. Mashabiki wa Yanga wa mkoa mzima walikuwa na la kusema kwa wiki kadhaa, na mizaha ya uchawi ikapata soko jipya. Mwezi Desemba ikafika zamu ya timu yao katika uwanja uleule, nayo ikaondoka na sare ya 1-1.