Grafini: Ukingo wake ndio huamua usumaku

ABIRIA anayesafiri kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Changamwe, Mombasa, huweka kando sarafu, funguo na mshipi kabla ya kupita kwenye lango la ukaguzi. Lango hilo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Kipande cha chuma kikipita, mkondo mdogo wa umeme huzuka ndani yake na mashine hulia. Kwa hivyo lango huchunguza mambo mawili: umeme na usumaku.

Mambo hayo hayo ndiyo wanasayansi huyachunguza katika dutu iliyomo ndani ya penseli. Wazee waliiita kalamu ya risasi, ilhali ndani yake hamna risasi bali grafiti, aina ya kaboni ipatikanayo pia Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania.

Grafiti ni tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja, lenye unene wa atomu moja, huitwa grafini. Atomu zake zimejipanga mithili ya sega la nyuki. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliibandua kwa selotepu mwaka 2004, wakatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2010.

Grafini pana hupitisha umeme vyema mno hata haizimiki, nazo swichi za kompyuta sharti ziweze kuzimika. Ikipunguzwa iwe utepe wa nanomita chache (nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita), elektroni hubanwa na umeme huweza kuzuiwa.

Hapo ukingo ndio huamua. Ukingo wenye meno ya msumeno hukusanya elektroni, na kila elektroni ni kijisumaku. Ukingo wa umbo jingine hukosa usumaku huo. Mwaka 2017 watafiti wa IBM, Zurich, waliunda pembetatu ya vyumba 6 vya sega, yenye atomu 22 za kaboni na elektroni 2 zisizo na wenza.

Tatizo ni kwamba kingo hizo huharibika upesi zikikutana na hewa. Zikidhibitiwa, huenda kompyuta zikahifadhi habari kwa umeme kidogo zaidi.

Vipande hivyo huundwa kwa molekuli maabarani, wala si kwa kusaga mawe ya mgodini. Kwa Afrika Mashariki, basi, kumiliki grafiti ardhini hakutoshi. Thamani kubwa imo katika ujuzi.