Umaskini Uliotunza Malisho: Nyasi za Bahari katika Ghuba ya Florida

Kusini kabisa mwa Florida, nchini Marekani, kati ya bara na safu ya visiwa viitwavyo Florida Keys, kuna ghuba ya maji ya kina kifupi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2000 hivi. Chini yake hutanda nyasi ambayo wataalamu huiita Thalassia testudinum, na wenyeji nyasi ya kasa. Isichanganywe na mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua; nyasi hii inavyo vyote viwili, nayo ni ndugu ya Thalassia hemprichii iotayo katika pwani za Kenya na Tanzania. Mwaka 1987 ilianza kufa, na swali la nani aliyeiua lilizusha ubishi mkali, kwani jibu lake ndilo lingeamua namna ya kuiponya.

Yafaa kwanza ifahamike nyasi hiyo hula nini. Matope ya ghuba ni chokaa, na chokaa hushika fosforasi kwa nguvu sana. Fosforasi nyingi huingia kutoka Ghuba ya Meksiko upande wa magharibi; kadiri mtu aendavyo mashariki ndivyo inavyoadimika. James Fourqurean na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba jani lenyewe hutunza hesabu ya njaa hiyo. Nyasi isiyopungukiwa huwa na atomu 30 hivi za naitrojeni kwa kila atomu moja ya fosforasi. Katika majani ya mashariki naitrojeni huzidi mno kiwango hicho, maana yake fosforasi ndiyo iliyokosekana.

Ushahidi ulio wazi zaidi uliletwa na ndege. Kuanzia mwaka 1981, George Powell na wenzake walisimika vigingi juu ya fungu la matope liitwalo Cross Bank, wakaviwekea vichwa ambapo membe na mnandi wangeweza kutua. Ndege walitua, wakapumzika, wakanya. Hakukuhitajika gharama nyingine ya mbolea. Nyasi ya kasa iliyozunguka vigingi ilinenepa, na kwa muda ilionekana kwamba zawadi hiyo ilikuwa heri tupu. Lakini baada ya miaka michache nyasi nyingine, Halodule wrightii, iliyo nyembamba na yenye kukua haraka, iliingia ikaisukuma nje nyasi ya kasa. Mwaka 1983 baadhi ya vigingi viliondolewa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mahali palipokuwa na vigingi hivyo bado palikuwa milki ya mgeni. Fosforasi iliyoingia katika matope haikutoka. Ilizunguka kutoka jani hadi tope, kutoka tope hadi mzizi. Basi nyasi ya kasa ilitawala ghuba kwa sababu iliweza kuvumilia uhaba ambao wapinzani wake hawakuuweza.

Ndiyo maana vifo vya mwaka 1987 viliposhuhudiwa, wengi walidhani kwamba virutubisho kutoka mashambani na mijini ndivyo vilivyoua. Kufikia mwaka 1991 hekta 4000 hivi zilikuwa zimebaki tope tupu, na hekta nyingine zaidi ya 20.000 zilikuwa zimeathirika. Tena katika mwaka huohuo wa 1991 maji yalianza kugeuka kijani kwa mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Ushahidi ulionekana kutimia.

Hata hivyo mpangilio wa matukio wakataa. Nyasi ilipoanza kufa maji yalikuwa maangavu; ukijani ulikuja baadaye, ukilishwa kwa sehemu na virutubisho vilivyoachwa na nyasi iliyooza na matope yasiyoshikwa tena na mizizi. Kisha kivuli cha mwani huo kiliua nyasi nyingine. Chanzo kilikuwa cha zamani zaidi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1947, Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1948 mradi mkubwa wa mifereji na kingo, na maji matamu yaliyokuwa yakipita taratibu katika kinamasi cha Everglades hadi ghubani yakaelekezwa kwingine. Katika miaka ya ukame na joto chumvi ya ghuba hupanda kupita ya bahari. Nyasi iliyosongamana hukosa oksijeni usiku, na sulfidi, sumu izaliwayo katika matope, hupenya mizizini.

Ubishi haukwisha. Wako watafiti walioendelea kuilaumu naitrojeni, na wengine wakauliza kama kurudisha maji ya Everglades hakutaleta virutubisho zaidi. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa vigingi vya Cross Bank vimeonyesha jinsi mbolea kidogo inavyokaa. Hata hivyo mpango mkubwa wa kurudisha mtiririko wa maji uliidhinishwa mwaka 2000. Kazi ilikwenda polepole. Kiangazi cha 2015 mvua zilipungua tena, chumvi katika baadhi ya mabwawa ya ghuba ikafika takriban maradufu ya ile ya bahari, na nyasi ya eneo la hekta 16.000 hivi ikafa, nyingi yake katika sehemu zilezile za mwaka 1987.