Yakobo, udanganyifu wa
Simulizi la kitabu cha Mwanzo (sura 25–37) kuhusu tamaa ya ukubwa. Yakobo alinunua haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kisha akajifunika ngozi za mbuzi ili Isaka, baba yake asiyeona, ambariki badala ya Esau, kaka yake. Isaka aliitambua sauti, ila akaamini mikono: ndipo penye uchungu mkubwa zaidi. Baadaye wanawe Yakobo walimdanganya kwa kanzu ya ndugu yao Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Kwa wafugaji wa Kipsing, wadi ya Oldonyiro, Isiolo, ambako mifugo ndiyo riziki na urithi, kisa hiki kinaeleweka upesi. Kabla ya kisa cha kanzu, akitafuta suluhu na kaka yake, Yakobo alimpelekea Esau mbuzi 220, kondoo 220, ng'ombe 50, ngamia na punda.