Goti Linalouma: Yanayowezekana Bila Upasuaji

Wasikilizaji wengi hutuuliza kuhusu "goti kuisha ute". Mara nyingi kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini, lenye utelezi, linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo likichubuka hupona kwa shida, na likilika sana mfupa ulio chini yake nao huumia.

Hakuna kidonge kinachorudisha gegedu lililokwisha. Bamia na supu ya kongoro ni chakula kizuri, tunaila pia, lakini tumbo huvisaga kama chakula kingine. Haviendi moja kwa moja gotini.

Kinachosaidia zaidi ni mazoezi. Misuli ya mbele ya paja ikipata nguvu, hulipunguzia goti mzigo. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi 5, ushushe polepole. Rudia mara 10, kisha mguu wa pili. Fanya hivyo kwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kusema hayasaidii. Maumivu kidogo si hatari. Yakizidi mpaka kesho yake, punguza. Wakati wa kupalilia, usichuchumae muda mrefu, tumia kigoda. Mwenye uzito mkubwa, kila kilo 1 anayopunguza huliondolea goti kama kilo 4 kwa kila hatua. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Wengi hukosea hapo.

Kwa dawa, anza na ya kupaka yenye diklofenaki. Vidonge vyake, ambavyo watu hununua kama karanga, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Usivimeze miezi na miezi bila daktari. Sindano ya steroidi gotini hutuliza kwa wiki kadhaa, ila ikirudiwa mara kwa mara inaweza kulidhoofisha gegedu.

Kijana anayekua akiumwa goti kila achezapo mpira, pengine kipande cha mfupa pamoja na gegedu lake kimeanza kulegea. Vipimo vikionyesha bado kimeshika, kuacha mpira miezi 3 hadi 6 mara nyingi hutosha mfupa kuunga.

Goti likiwa la moto, limevimba na una homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo likikwama lisinyooke, au usipoweza kulikanyagia baada ya kuanguka. Mtoto anayeamshwa usiku na maumivu ya goti naye apelekwe hospitali mapema.