Israfu, si Uchafuzi: Mintarafu ya Nitrojeni ya Mijini

Nimeletewa kijitabu cha istilahi, kazi ya jopo ambalo sitalitaja kwa jina kwa kuwa baadhi ya wajumbe wake ni watu niliokula nao chumvi, na katika ukurasa wa maneno ya mazingira nikakuta, bila ya alama yoyote ya kusita, maneno haya: "ufuatiliaji wa uchafuzi wa nitrojeni mijini". Yumkini msomaji wa Dar es Salaam atayapita kama apitavyo bango la barabarani. Walakini mtu wa Masisi, au wa Walikale huko Kongo unakopita mto Lowa ukielekea kujimwaga katika Lualaba, akiwa na masikio ya Kiswahili na elimu kidogo ya mambo ya ardhi yake, hana budi kuuliza ni nani hasa aliyemchafua nani.

Naanza na sarufi, maadamu ndiyo iliyodhulumiwa kwanza. Tusemapo uchafuzi wa maji, kilichochafuliwa ni maji. Tusemapo uchafuzi wa mto, ni mto. Na uchafuzi wa hewa, ni hewa. Kwa kanuni hiyo ambayo hata mtoto wa shule ya msingi haikosei, uchafuzi wa nitrojeni ni dhuluma iliyotendewa nitrojeni, nayo imekaa kitako ikisubiri kuoshwa. Nilipoieleza hoja hii kwa maandishi, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba "muktadha utafafanua". Muktadha, kwa uzoefu wangu, ndio kimbilio la kila mtu aliyechoka kufikiri kabla ya saa ya chai.

Lakini tuseme sarufi imesamehewa. Bado liko kosa la maana, na hili ni zito zaidi, kwani nitrojeni si uchafu. Katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, 78 ni nitrojeni, imetulia, haimdhuru mtu wala haimnufaishi, mpaka itokee nguvu ya kuivunja vifungo vyake na kuioanisha na oksijeni au hidrojeni. Nguvu hiyo viwandani ilipatikana kwa juhudi za Fritz Haber na Carl Bosch, na kiwanda cha kwanza kikubwa cha amonia kikafunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kwetu Kivu ya Kaskazini haikungoja Wajerumani. Wataalamu waliohesabu mimweko ya radi kwa setilaiti, na kuchapisha hesabu zao mwaka 2016, waliliweka ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya dunia nzima, na katika safu ya mbele ya Afrika wakaliandika jina la Sake, mji wa Masisi ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu. Kila mmweko huo huunguza hewa na kuzaa oksaidi za nitrojeni, ambazo mvua huziteremsha mashambani, na chini ya udongo bakteria waliomo katika vinundu vya mizizi ya maharage hufanya kazi iyo hiyo kimyakimya. Je, mbingu ya Sake inachafua? Je, haragwe ni mchafuzi? Jopo halikujiuliza.

Kuhusu jina lenyewe la nitrojeni, ikhtilafu ni ya kale. Daniel Rutherford wa Uskochi aliitenga hewa hiyo mwaka 1772. Lavoisier, alipoona kwamba mnyama hawezi kuishi ndani yake peke yake, akaiita kwa Kiyunani "isiyo na uhai", ndiyo azote ya Kifaransa, ambayo watoto wetu wa Masisi waliofundishwa kwa Kifaransa huitamka azoti hadi leo na kuwashangaa wenzao wa Arusha wasemao naitrojeni. Mwaka 1790 Chaptal, Mfaransa vilevile, ndiye aliyeleta nitrogène, yaani izaayo nitri. Na nitri, ukiirudisha nyuma kwa Kiyunani na Kiarabu, hukutana na natruni ya Misri, jamaa ya magadi yetu. Wazee wa pwani walikuwa na jina lao la nitri iliyotiwa katika baruti: shura. Hapo ndipo bwana mmoja, mshindani wangu wa siku nyingi katika uwanja huu, alipopata wahyi wa kupendekeza kwamba nitrojeni iitwe "mzaashura". Sikatai kwamba limeundwa kwa ustadi. Bali shura kwa masikio ya leo, kuanzia Zanzibar hadi Maskati, ni baraza la mashauriano, na mzaashura atakuwa ni kile kizaacho kamati. Kitu ambacho, hasha, dunia haina upungufu nacho. Nabaki na nitrojeni, na azoti siikatazi.

Sasa neno langu. Ninasema israfu ya nitrojeni, na nimelisema tangu zamani kabla ya vijitabu. Israfu ni neno kongwe la pwani, lipo katika mawaidha na katika ulimi wa kila mama amkemeaye mwanawe aliyemwaga mchele: ni kuvuka mpaka katika kutumia kitu ambacho asili yake ni halali. Humo mna mambo yote mawili niyatakayo, uhalali wa kitu na udhalimu wa kipimo. Najua atatokea mwenye kulinasibisha na sarufi na sarafu, adai kwamba nimechanganya mizizi. Ajue basi kwamba sarufi na sarafu hutoka katika mzizi wenye herufi sadi, wenye maana ya kugeuza na kubadilisha, ilhali israfu hutoka katika mzizi wenye sini, wenye maana ya kupita kiasi. Kiswahili, kwa kuwa hakikuona haja ya esi mbili, kimeyakalisha yote katika nyumba moja, lakini hayakuzaliwa na mama mmoja. Na hata dunia, bighairi ya kunisoma, imekuja upande wangu: Azimio la Colombo la Oktoba 2019 liliazimia kupunguza kwa nusu, ifikapo 2030, nitrojeni inayopotezwa bure. Kupotezwa bure, si kuchafua. Kama si israfu hiyo, ni nini?

Ama neno ufuatiliaji, ninalivumilia kwa shingo upande. Karani hufuatilia faili, akienda nalo mbele. Mchunguzi wa nitrojeni hurudi nyuma, kama msasi wa Walikale afuataye nyayo mpaka pango. Chukua Goma, ambako wamekimbilia Wamasisi wengi waliofukuzwa na vita. Mji ule umesimama juu ya lava ya Nyiragongo, iliyoukata katikati mwaka 2002. Kuchimba shimo la choo katika mwamba ule ni taabu, na kinachomwagwa juu yake hupenya nyufa kuelekea ziwani, ambako watu huteka maji kwa bidoni, yaani madumu. Nitrati ikionekana katika maji, swali ni imetoka wapi: vyooni, katika samadi ya ng'ombe, au katika mbolea ya dukani? Wenye maabara huitenganisha mbolea ya dukani na kinyesi au samadi kwa kupima isotopu nzito ya nitrojeni, ile ya 15, kwa sababu katika kinyesi na samadi nitrojeni nyepesi hupaa mapema kwa sura ya amonia na kuiacha nzito nyuma, jambo lisilotokea kwa kiasi hicho katika mbolea ya kiwandani. Angani kazi ya kupima hufanywa na setilaiti Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, ionayo dayoksaidi ya nitrojeni ya pikipiki, ya jenereta na ya moto wa mashamba pamoja, bila ya kubagua. Chukudu, lile gari la mti la magurudumu mawili lisukumwalo kwa mguu, haioni, nami nalipongeza. Moshi wa makala huuona, na hapa namwomba radhi msomaji wa pwani: Goma makala ni makaa, huuzwa kwa gunia.

Nimeambiwa mwisho kwamba neno langu ni la Kiarabu mno kwa watu wa bara. Hoja hii hutolewa aghalabu na warithi wa ile Kamati ya Lugha ya 1930, iliyokusanya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikatuacha sisi wa Kongo nje ya mlango, na sasa huruma yao kwa masikio yetu imekuja ghafla. Sisi tunaosema hesabu, sheria, habari na sababu kuanzia Sake hadi Walikale hatutashindwa na israfu.

Katika matumizi: mpimaji akikuta nitrati imezidi miligramu 50 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na aandike "israfu ya nitrojeni", kisha ataje chanzo; isipozidi, aandike "nitrojeni" tu.