Wekundu wa Waingereza: rangi moja, maana nyingi

Mzungumzaji wa Kiswahili anayehamia Uingereza au Marekani hukutana na rangi nyekundu mahali ambapo hakuitarajia. Ofisi inayochelewesha hati kwa taratibu zisizokwisha husemwa kuwa imejaa utepe mwekundu. Kampuni inayopata hasara huwa imeingia katika wekundu. Siku ya furaha kubwa huitwa siku ya herufi nyekundu, na mgeni wa heshima hutandikiwa zulia jekundu. Lakini mwizi aliyefumaniwa husemwa kuwa amekamatwa na mikono myekundu.

Misemo hiyo haikuzuka kwa bahati. Kila mmoja una asili yake, na ukiichunguza kwa pamoja, inasimulia habari ya fedha, ya dola na ya damu.

Rangi ya wenye mali

Kwa karne nyingi, shida ya watu wa Ulaya haikuwa kuipenda rangi nyekundu bali kuipata. Mafundi wa kutia nguo rangi walitumia mizizi ya mmea uliotoa wekundu wa kadiri, unaokaribia rangi ya matofali. Wekundu uliokolea ulitoka kwa vidudu vidogo vilivyookotwa katika miti ya nchi za Mediterania. Waarabu waliviita qirmiz, na ndilo neno lililozaa jina la Kiingereza crimson. Jina jingine la wekundu, scarlet, hapo mwanzo lilikuwa la kitambaa cha sufu cha thamani, si la rangi. Kitambaa na rangi vilizoeana mno hata jina likahama.

Baada ya Wahispania kuiteka Mexico mwaka 1521, walikuta wenyeji wakifuga mdudu mwingine juu ya dungusi kakati, hasa katika eneo la Oaxaca. Rangi yake ilizishinda zote zilizojulikana Ulaya. Ratili moja ilihitaji wadudu wapatao 70,000 waliokaushwa, na kazi ya kuwakusanya ilifanywa kwa mikono ya Wahindi Wekundu, jina ambalo wenyeji wa Amerika walibandikwa na wageni. Hispania iliificha siri ya mdudu huyo kwa muda mrefu, huku maharamia wa Kiingereza wakizivizia merikebu zake baharini.

Katika Uingereza yenyewe, sheria iliamua nani avae nini. Amri ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ya mwaka 1574 iliiwekea mipaka mahameli nyekundu, ikawaachia watu wa tabaka la juu. Kuvaa wekundu huo bila cheo lilikuwa kosa.

Kalenda, karani na mahakama

Kanisa nalo lilichangia. Katika kalenda za kale, sikukuu ziliandikwa kwa wino mwekundu na siku za kawaida kwa wino mweusi. Hapo ndipo ilipotoka siku ya herufi nyekundu. Hadi leo majaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza huvaa majoho mekundu katika siku hizo.

Makarani wa serikali nao walifunga majalada kwa utepe mwekundu. Katika karne ya 19, waandishi kama Thomas Carlyle na Charles Dickens waliugeuza utepe huo kuwa dhihaka, na urasimu ukapata jina lake. Wekundu wa hasara ulitokana na wino ambao watunza hesabu waliutumia kuandika upungufu. Mikono myekundu ilitoka katika sheria za kale za Uskochi: ni mikono ya muuaji ambayo damu haijakauka.

Koti la askari

Mwaka 1645, katika vita kati ya Bunge na Mfalme Charles wa Kwanza, Bunge liliunda jeshi jipya lililovalishwa makoti mekundu. Vazi hilo likawa alama ya jeshi la Uingereza kwa zaidi ya karne mbili. Hata hivyo, usawa haukuwepo ndani yake. Koti la askari wa kawaida lilitiwa rangi ya mizizi iliyokuwa rahisi, na la afisa rangi ya wadudu iliyokuwa ghali. Aliyeyatazama kwa karibu aliweza kumtambua bwana na mtumwa wake kwa wekundu peke yake.

Silaha zilipoanza kulenga mbali, wekundu uligeuka kuwa shabaha. Mapigano ya Ginnis nchini Sudan, Desemba 1885, huhesabiwa kuwa ya mwisho ambamo askari wa Uingereza walipigana wakiwa na makoti mekundu. Nafasi yake ilichukuliwa na kaki, neno la Kiurdu lenye maana ya rangi ya vumbi, ambalo Kiswahili pia kililipokea.

Bendera ya hatari

Rangi inayoonekana kutoka mbali hufaa kuonya. Sheria ya mwaka 1865 ilitaka chombo cha mvuke kitembeacho barabarani kitanguliwe na mtu mwenye bendera nyekundu. Desemba 1868, karibu na Bunge mjini London, ziliwekwa taa za barabarani za gesi, nyekundu na kijani. Mwezi uliofuata zikalipuka.

Lakini bendera hiyo hiyo ilishikwa pia na wasiotaka kusimama. Mabaharia walioasi huko Nore mwaka 1797 waliipandisha, na wafanyakazi wa Merthyr Tydfil, Wales, wakaibeba katika ghasia za mwaka 1831. Baadaye ikawa rangi ya wasoshalisti, na nchini Uingereza ikawa ya chama cha Labour. Nchini Marekani, mtu kuitwa mwekundu katika miaka ya 1950 kulitosha kumpotezea kazi. Hata hivyo, tangu uchaguzi wa mwaka 2000, televisheni za nchi hiyo zimezoea kuonyesha kwa rangi nyekundu majimbo ya chama cha Republican, kilicho mbali kabisa na usoshalisti.

Ramani na bendera

Kwa Afrika Mashariki, wekundu mzito kuliko wote ulikuwa wa ramani. Wachapaji wa Uingereza walizipaka nchi za himaya yao rangi nyekundu, mara nyingi ikipaushwa ili majina yasomeke. Mtandao wa simu za maandishi ulioizunguka dunia kupitia himaya hiyo ulikamilika mwaka 1902, ukaitwa Njia Nyekundu Tupu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliponyang'anywa Tanganyika, ndoto ya wekundu usiokatika kutoka Cape hadi Cairo ilitimia kwenye karatasi. Kizazi kizima cha wanafunzi kilifundishwa kuisoma nchi yake kwa rangi ya mwingine.

Zanzibar ilikuwa na wekundu wake. Bendera ya Sultani, nyekundu tupu kama ya Oman ya wakati huo, ilipepea visiwani hata wakati wa ulinzi wa Waingereza, wala haikuwa na habari ya wafanyakazi wala ya hatari. Kenya nayo ilipopata uhuru Desemba 1963, iliweka katika bendera yake ufito mwekundu wenye maana ya damu iliyomwagwa katika kupigania uhuru. Rangi iliyochorwa na watawala kuonyesha milki yao, watawaliwa waliitumia kuonyesha gharama ya kuiondoa.

Kwa hiyo anayejifunza Kiingereza hapotezi wakati akiuliza ni nani aliyeisema rangi hiyo kwanza, na kwa faida ya nani. Maana ya wekundu huwekwa na wenye mamlaka ya kuiweka, na hubadilika mamlaka hayo yanapopata mwenyewe mwingine.