Mtihani wa Serikali katika Masisi na Walikale

Kila mara matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa katika Kongo, vijana waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani, na ndugu zao huimba njiani. Mgeni aweza kustaajabu: furaha yote hii kwa ajili ya karatasi moja? Lakini wenyeji wajua kwamba karatasi hiyo, yaani diploma ya Serikali, ndiyo mlango wa chuo kikuu na wa kazi nyingi. Basi yafaa tueleze mtihani huu ulitoka wapi, tena tuone umewatendea nini watoto wa Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini ambazo katika utawala wa shule huhesabiwa pamoja.

Zamani za Wabelgiji mtihani wa namna hii haukuwako. Shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa misioni. Mwaka 1906 Serikali ya Mfalme Leopold II ilipatana na Baba Mtakatifu kwamba misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Baadaye, tangu miaka ya 1920, Serikali ilizisaidia misioni za Kikatoliki kwa fedha. Za Kiprotestanti zilingoja mpaka baada ya Vita Kuu ya pili. Mtoto wa kijijini alisoma miaka miwili, pengine mitano, kisha akarudi shambani. Mwaka 1948 ulitolewa mpango mpya uliowagawa watoto mafungu mawili: wengi wapate masomo ya kawaida, na wachache waliochaguliwa watayarishwe kwa sekondari. Wenye kuchagua walikuwa wakuu wa shule zenyewe. Kila shule ilipima kwa mizani yake.

Aliyetamani elimu ya juu kuliko hiyo aliona njia karibu moja tu, yaani seminari. Ndiyo njia aliyopita Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa wakati ule kupewa upadre, mwaka 1917. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima. Wabelgiji wengi walipoondoka, kazi za mahakimu, waganga na wakuu wa ofisi zilibaki bila watu. Ndipo sekondari zikaongezeka upesi upesi, nyingine zenye walimu hodari, nyingine zenye jina tu. Nani angejua diploma ya shule fulani ina thamani gani?

Jibu la Serikali lilikuja mwaka 1967: mtihani mmoja kwa nchi nzima. Maswali ni yaleyale kwa wote wa mchepuo mmoja. Huletwa yamefungwa, yakafunguliwa siku moja mbele ya wasimamizi. Mwanafunzi lazima apate angalau 50 kwa 100. Mwalimu wake hawezi kumpendelea wala kumwonea, kwa kuwa si yeye anayesahihisha. Twakiri kwamba jambo hili lilikuwa la haki. Mtoto wa shule ndogo milimani Masisi aliweza kumshinda mtoto wa shule kubwa mjini, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya ushindi wake.

Lakini mizani ikiwa moja, mizigo yaweza kuwa mbalimbali. Wilaya ya Walikale peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya mkoa wote wa Kivu ya Kaskazini, nayo karibu yote ni msitu. Kijana aliye mbali na kituo cha mtihani hufunga mzigo wake, akatembea, akatafuta pa kulala na pa kula siku zote za mtihani. Masomo yake ya kwanza aliyapata kwa Kiswahili, na mtihani ni wa Kifaransa. Amesoma kemia bila kuona chupa ya maabara. Swali ni lilelile analoulizwa mwenzake wa Kinshasa.

Hata akifaulu, njia bado ni ndefu. Mwaka 1971 Serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja, na kila tawi likapewa masomo yake. Mtu wa Walikale aliyetaka ualimu wa juu alikwenda Kisangani. Aliyetaka masomo ya lugha na fasihi alikwenda Lubumbashi. Mwaka 1981 vyuo vikatenganishwa tena. Elimu ya juu ilianza kukaribia nyumbani Waprotestanti walipofungua chuo kikuu Goma mwaka 1985, na Wakatoliki Butembo mwaka 1989. Mwaka 1993 chuo cha Kisangani kilifungua tawi Goma, ambalo sasa ni Chuo Kikuu cha Goma.

Lakini mwaka uleule, mwezi wa Machi, mapigano yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi yote. Tangu hapo shule nyingi zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Katika vita ya 1998 hadi 2003 nchi iligawanyika, hata hivyo maswali ya mtihani yalivushwa mstari wa vita kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Wakubwa waligombana juu ya kila kitu, ila diploma ya watoto ilibaki moja. Mwaka 2025 vita ilifika tena Masisi mjini mwezi wa Januari, na Walikale mjini mwezi wa Machi.

Liko pia jambo la fedha. Mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za misioni. Mwaka 1977 ikapatana na makanisa wazisimamie tena. Mishahara ya walimu ilipokufa katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliowalisha walimu. Shule ya msingi ya Serikali ilifanywa ya bure mwezi wa Septemba 2019, lakini si sekondari. Basi mzazi huuza mbuzi au gunia la maharagwe ili mwana apate kuingia katika chumba cha mtihani.

Wako wasemao mtihani huu ufutwe, kwa sababu ya wizi wa maswali na rushwa. Wako wasemao watoto wa vita wapunguziwe alama. Sisi twaona njia zote mbili zitawadhuru watoto walewale. Ukifutwa, tutarudi kwenye mizani ya kila shule, na diploma ya Walikale itadharauliwa mjini. Wakipunguziwa alama, itadharauliwa vilevile. Mizani moja ikae, na mizigo isawazishwe: vituo visogezwe karibu na vijiji, ada ya mtihani iondolewe mahali palipopigwa na vita, na sheria iseme wazi kwamba shule iliyofungwa kwa bunduki ina haki ya kipindi cha pili cha mtihani. Zaidi ya yote, mwalimu wa msituni apate mshahara wake kwa wakati. Mtihani hauwezi kupima masomo ambayo hakuna aliyelipwa kuyafundisha.